Kiingereza cha Ngumi

Anayedhani habari hii imetiwa chumvi aonje kwanza, ndipo ateme.

Mzee Brashi alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kubeba gunia, ambao mtu akilala unakwisha. Huu wake ulikuwa umehamia kabisa. Ulipanga chumba magotini, ukaleta jamaa zake kiunoni na begani, na kila asubuhi uliamka kabla yake ukamsubiri kitandani. Tangu ujana alikuwa akichora mabango, akivuta harufu ya rangi na mafuta ya taa, mpaka kifua kikawa kinapiga filimbi chenyewe bila kuombwa. Daktari alimsikiliza mgongoni kwa kile chombo chao cha baridi, akampa amri mbili: aache rangi, aache ngazi.

"Nitaacha, daktari," alisema Mzee Brashi. "Ila kwanza nimalizie bango moja la mpwa wangu."

"Moja tu?"

"Moja la huyu. Halafu moja la yule."

Daktari hakuwa na habari za wapwa hao. Angekuwa nazo, angeandika dawa ya usingizi na kumtuma mzee awapelekee wao.

Walikuwa watoto wa dada yake, vinyozi wote wawili kama marehemu baba yao. Mkubwa aliitwa Wembe, mdogo Mkasi. Ni mtaa uliowabatiza hivyo, nao wakaitika mpaka majina yao ya kuzaliwa yakaota kutu. Baba yao aliwaachia chumba kimoja cha kunyolea, kioo kirefu cha ukutani, na viti viwili vya kuzunguka. Kimoja kilikuwa karibu na mlango, kingine ndani. Jambo ambalo hakuwaachia ni kauli ya nani akae wapi, na kauli hiyo moja ingewafaa kuliko kioo.

Basi siku moja, miaka mingi nyuma, aliingia mteja, akaketi kwa Wembe, akanyolewa nusu ya kichwa. Mara akaitwa nje na mtu wake. Wakazungumza, wakacheka, wakaagana. Aliporudi, akili yake ilikuwa bado iko nje na mwenzake, akaketi kwenye kiti cha Mkasi. Mkasi hakuuliza. Akawasha mashine, akamalizia. Mteja akajitazama kiooni, akasema, "Leo mmenitoa vizuri," akaenda zake.

Hapo ndipo swali lilipozuka: nani amemnyoa?

"Mimi ndiye niliyeanza," alisema Wembe.

"Kaka, mke ni wa aliyeposa au wa aliyeoa?" alijibu Mkasi.

Wembe alishika chupa ya spiriti. Mkasi alishika kigoda. Mama yao, aliyekuwa uani akichambua mchele, alitoka mbio na ungo mkononi akasimama katikati yao. Chupa ikaponyoka, ikapasukia juu ya mguu wake. Mguu ulipona, lakini haukurudi kama ulivyokuwa. Tangu siku hiyo mama yule aliukokota kama mtu anayemvuta mtoto asiyetaka kwenda shule.

Bendeji ikiwa bado mbichi, alimwita Mzee Brashi.

"Kaka, mimi sina mguu mwingine wa kuwapa," alimwambia. "Nipe neno lako kwamba hawatashikana mashati tena maadamu uko hai."

Mzee Brashi wakati huo alikuwa bado na magoti mazima, na mtu mwenye magoti mazima huahidi chochote. Akampa neno lake.

Wale ndugu wakasimamisha ukuta wa plaiwudi katikati ya chumba. Kila mmoja akakata mlango wake. Kikwazo kilikuwa kioo. Hakuna aliyethubutu kukikata kioo cha marehemu, kwa hiyo plaiwudi ikaishia pale kilipoanzia, ukabaki ufa wa upana wa kidole. Katika ufa huo Wembe aliona kiwiko cha Mkasi kikipanda na kushuka, na Mkasi aliona kiwiko cha Wembe. Kila mmoja akawa anahesabu vichwa vya mwenzake kwa kiwiko.

Haukupita muda Wembe akaja kwa mjomba wake akitaka bango la kumshinda mdogo wake. Alilitaka kwa Kiingereza.

Hapa inafaa kueleza Kiingereza cha Mzee Brashi kilitoka wapi, maana shuleni hakikutoka. Shule yenyewe aliiona akipita. Kilitoka kwenye ngumi. Enzi za ujana wake palikuwa na ukumbi wa mapambano, na mwenye kuyaandaa alimpa kazi ya kuchora matangazo. Alimwandikia maneno kwenye karatasi, naye Mzee Brashi akayanakili ukutani kwa herufi za urefu wa mtu. Alikuwa na desturi moja: hakugusa brashi kabla ya kuambiwa neno lina maana gani. Alisema huwezi kumpaka rangi mtu usiyemjua. Kwa njia hiyo alikusanya Kiingereza chote cha kushindana na hakukusanya kingine. Hakuweza kuomba maji ya kunywa kwa lugha ile, lakini angeweza kumtukana bondia wa uzito wa juu mpaka akavua glovu.

Akakaa, akawaza. Wapwa zake walitaka kupigana, hilo halikuwa na dawa. Lakini kama wangepigana kwa rangi, mikono ingekaa mifukoni. Akapanda ngazi, akaandika juu ya mlango wa Wembe: CHAMPION.

"Maana yake bingwa," alimwambia. "Mwenye mkanda. Wengine wote wako chini yake."

Wembe akatembea mtaani wiki nzima kama aliyemeza fimbo.

Kabla rangi haijakauka, Mkasi alikuwa ameshafika kwa mjomba wake. "Umempa yeye, mimi je? Mimi si mtoto wa dada yako?"

Akamwandikia CHALLENGER. "Huyu ndiye anayekuja kumvua bingwa mkanda," alieleza. "Bingwa akilisikia jina hili halali."

Mkasi akafurahi sana. Wembe, kweli, hakulala. Akaja akataka zaidi, akapewa UNDEFEATED, yule ambaye hajawahi kushindwa na mtu. Mkasi akapewa CONTENDER, mtu mwenye haki ya kuugombea ubingwa mbele ya umma. Wembe akapewa VICTOR, mshindi. Mkasi akataka linalomlenga kaka yake usoni moja kwa moja, akapewa RIVAL, hasimu, adui wa haki. Wembe akajibu kwa KNOCKOUT, ngumi ya kumlaza mtu chini asiinuke. Mkasi akajibu kwa REMATCH, yaani turudie, sikuridhika.

Na kila neno jipya lilitaka ubao mkubwa kuliko uliotangulia. Ilifika mahali mabango yakapanda juu ya paa, yakateremka ukutani, yakatoka nje ya mipaka. Kuku wa mtaa wakawa hawajui saa ya kulala kwa mng'ao wa rangi nyekundu. Inasemekana ndege moja ya abiria ilipunguza mwendo ili rubani amalize kusoma. Fundi viatu, aliyekuwa na kibanda pembeni mwa Mkasi, aliamka siku moja akakuta herufi mbili za mwisho za neno la jirani zimening'inia mbele ya kwake. Akatazama juu, akatazama jua, akahamishia benchi lake kivulini.

"Mzee Brashi," alisema, "lijalo liwe refu zaidi. Mchana jua linanifikia kwenye magoti."

"Magoti yako umeyaona," alijibu Mzee Brashi kutoka juu ya ngazi. "Yangu je?"

Miaka ikaenda hivyo. Wapwa wakaota vitambi na mvi, mjomba akakonda. Neno alilompa dada yake hakulivunja hata siku moja: hapakushikwa shati wala hapakupasuka chupa. Lakini alikuwa hana raha tena. Alimpita dada yake uani akiukokota mguu, amebeba sahani mbili, moja ya mlango huu na moja ya mlango ule, kwa sababu wanawe hawakula pamoja. Mara nyingine waliangaliana, yeye na ngazi yake na dada yake na sahani zake. Walikuwa kama watu wawili wanaosukuma gari moja bovu, pumzi ya kulalamikia hawana.

Siku aliyotoka kwa daktari, Wembe alikuwa anamsubiri.

"Mjomba, nataka neno la kulifunika hilo la REMATCH. Kubwa. La kummaliza."

Mzee Brashi akaketi kwenye ngazi ya mlango. Akafumba macho, akapita katika kichwa chake kama mtu anayepita ghalani na taa. Alitembea kuta zote alizowahi kuchora. Lile alilitumia, hili alilitumia, lile pale alimpa Mkasi mwaka wa mvua nyingi.

"Yamekwisha," alisema.

"Nini kimekwisha?"

"Maneno."

"Kiingereza kimekwisha?" Wembe alitoa macho. "Mjomba, wewe! Lugha ya dunia nzima?"

"Cha kwangu kimekwisha. Cha wenyewe sijui."

Wembe akakunja mkono wa shati, mmoja, halafu wa pili, polepole. "Sawa," alisema. "Kama hakuna neno, mkono upo."

"Njoo nao!" ilisikika sauti ya Mkasi nyuma ya plaiwudi. "Njoo nao, mimi nimeunyolea nafasi!"

Mzee Brashi alisimama kwa haraka mpaka magoti yakalia. Akamshika Wembe kifua kwa viganja vyote viwili. "Mpeni mjomba wenu mpaka kesho," alisema. "Nimewabeba wote wawili mkiwa na mafua. Nipeni mpaka kesho." Uani, dada yake alikuwa amesimama na mwiko mkononi, amegeuka upande wa sauti. Hakusogea. Alikuwa anamtazama kaka yake tu, na mtazamo huo ulikuwa mzito kuliko ngazi.

Akaenda kwake na jua bado liko juu. Chumba chake kilijaa makopo, vipande vya mbao, brashi zilizokauka kama mikia ya panya. Akakaa kitandani, hakuvua hata kofia. Hakuwa na neno la kuwapa, na wala hakulitafuta. Alikuwa anafikiria watu watakaokuja kumgongea kesho, na keshokutwa, wakitaka bango la duka, bango la gereji, bango la kuonya watu wasikojoe hapa. Angewajibu vipi wote hao? Afadhali aandike mara moja, wasome wenyewe.

Na hapo likamjia neno moja ambalo hakuwahi kumpa mtu.

Alilichora mara moja tu, zamani, pale ukumbini. Palikuwa na bondia mzee, mtu wa mapambano mengi, masikio yamekunjamana kama maganda. Katikati ya pambano alirudi kwenye kona yake, akaketi kwenye kigoda. Kengele ikagonga, hakuinuka. Refa akamwita, watu wakapiga kelele, wakamtupia maganda ya machungwa, hakuinuka. Mwandaaji akamwagiza Mzee Brashi aandike neno lile kando ya jina la bondia huyo, na alipoulizwa maana alijibu: aliyeacha mashindano. Jambo ambalo Mzee Brashi hakulisahau ni uso wa yule mtu pale kigodani. Haukuwa uso wa kushindwa. Ulikuwa uso wa mtu aliyevua viatu vilivyombana.

Akatafuta kibao kidogo, upana wa meza ya chai. Akaandika RETIRED kwa rangi nyeusi iliyobaki chini ya kopo, akakitundika kwenye mlango wake mwenyewe. Lilikuwa bango lake la kwanza kujichorea. Akarudi kitandani.

Asubuhi aliamshwa na kelele.

"Ameliona nani kwanza? Mimi ndiye niliyeliona kwanza!"

"Wewe uliliona, mimi nililisoma!"

"Ulisoma wapi, wewe? Hata jina lako unalisoma kwa kulipapasa!"

Akafungua mlango. Wembe na Mkasi walikuwa wamesimama bega kwa bega mbele ya kibao, jambo ambalo halijaonekana tangu mazishi ya baba yao. Nyuma yao alikuwa fundi viatu, amekuja na kiatu cha mtu mkononi ili asikose tamasha.

"Mjomba," alisema Wembe kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Jana uliniambia yamekwisha."

"Yalikwisha."

"Na hili?"

"Hili ni langu."

"Hapo sasa!" Mkasi alipiga makofi. "Hapo sasa! Miaka yote anatupa makapi, chenga za mchele, kumbe punje nzima ameificha uvunguni!"

"Wanangu, sikilizeni. Maana yake ni mtu aliyeacha mashindano. Amechoka, amekaa chini. Ndiyo maana yake, hakuna nyingine."

Wakatazamana. Halafu wakacheka, wote wawili, kicheko kimoja cha baba yao.

"Mjomba," alisema Wembe, akimshika bega kama mgonjwa, "wewe ndiye mwenye maneno. Mwenye shamba atajichumia embe bovu kweli?"

"Mimi nilimsikia mtu akiitwa hivyo," alidakia fundi viatu. Alikuwa hana ubaya, ila kimya kilimwasha mwilini. "Mkubwa mmoja wa ofisini, mteja wangu. Siku aliyopewa jina hilo alifanyiwa sherehe. Wakampa na saa ya ukutani."

"Saa!" alisema Mkasi.

"Na hotuba," aliongeza fundi viatu.

"Fundi, nyamaza," alisema Mzee Brashi.

"Mimi nasema nilichokiona."

Basi ikawa vita. Kila mmoja alilitaka yeye peke yake. Wembe alilitaka kwa ukubwa wa kuzaliwa, Mkasi kwa kuwa zamu ya mwisho ilikuwa ya kaka yake na haikutumika, basi sasa ni yake. Sauti zikapanda, wakaanza kunyoosheana vidole puani. Mzee Brashi alisimama mlangoni na fulana yake ya kulalia, akiwatazama watu wazima hao wenye mvi kidevuni. Ameshawaambia ukweli, wameukataa. Angefanya nini tena? Kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Hakuwa na nguvu hata ya kukataa.

"Nitawaandikia wote wawili," alisema. "Neno moja, ukubwa mmoja, leo hii. Halafu msinigongee tena."

Akapanda ngazi kwa Wembe, akapanda kwa Mkasi. Alipima mabango yote mawili kwa kamba moja ili pasiwe na wa kulalamika kwamba herufi ya mwenzake ina kitambi zaidi. Wapwa wakashika ngazi kwa zamu, kila mmoja akihakikisha ya mwenzake haishikwi sana. Alipomaliza alishuka, akatazama juu. WEMBE RETIRED, lilisema la kwanza. MKASI RETIRED, lilisema la pili. Kicheko kilimpanda ghafla, kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkalisha kwenye benchi la fundi viatu. Hapo hakuinuka tena hadi mchana.

Watu wakaanza kupita. Mteja wa kwanza alikuja akipapasa ndevu zake, akainua macho, akasoma huku, akasoma kule. "Wamestaafu wote wawili kwa siku moja!" alisema. "Hata kuaga hawakuaga." Akageuka, akaenda kunyolewa mtaa wa pili. Mwingine alisoma akatikisa kichwa kwa huzuni. Wasiojua kusoma waliwauliza wanaojua, wakaelezwa, nao wakaenda. Mama mmoja aliyekuja na mwanawe wa kunyolewa alisimama kidogo, akasema, "Walikuwa watu wazuri," kwa ile sauti ya msibani, akamvuta mtoto.

Ndani, Wembe alisimama nyuma ya kiti kitupu. Akatazama kwenye ufa wa kioo. Hakuona kiwiko. Angefurahi, lakini mtu mwenye husuda hafurahi upesi. Akawaza: ananyoa kwa mkono wa kushoto, nisimwone. Mkasi naye upande wake hakuona kiwiko, akawaza: amekihamishia kiti pembeni, ananinyang'anya watu kimyakimya. Wote wawili wakatega masikio kwenye plaiwudi. Kila mmoja alisikia pumzi ya mwenzake, akadhani ni mashine.

Wakatoka nje kwa wakati mmoja.

"Wateja wangu umewaficha wapi?" alisema Wembe.

"Wako? Wangu wako wapi?"

Safari hii hapakuwa na mjomba kifuani mwa mtu. Mzee Brashi aliona mikono ya mashati ikikunjwa, akataka kuinuka, magoti yakakataa katakata. Akajaribu tena. Fundi viatu akamshika mkono, ama kwa kumsaidia ama kwa kumzuia, hata yeye hakujua. Dada yake alikuwa ametokea uani na sahani zake mbili. Alisimama kizingitini. Mzee Brashi alimwona akizishika zile sahani kifuani kama ngao, na akajua kuwa neno lake, alilolibeba ngazini miaka yote ile, linavunjika mbele ya macho yake, naye ameketi.

Wembe alirusha ngumi ya kwanza. Ilikuwa ngumi kubwa, ya miaka mingi. Ilimpita Mkasi kwa mbali, ikamvuta mwenyewe nyuma yake, ikamzungusha mzima mpaka akawa anatazama upande aliotoka. Mkasi akaruka kumshika shati kwa nyuma. Alilishika, lakini alipolishika akagundua kwamba kuruka kumemmaliza, akaliegemea. Kifungo kikaruka. Wembe akageuka ndani ya shati lake mwenyewe, akamkumbatia mdogo wake kiunoni kwa nia ya kumwinua na kumbwaga. Akavuta. Hakuna kilichoinuka. Akavuta tena, akatoa sauti kama mlango wa zamani.

Wakabaki wamesimama hivyo, kichwa cha huyu begani mwa yule, vitambi vimegusana, wakihema. Mzee Brashi aliwahi kuwaona mabondia namna hiyo, raundi za mwisho, wanapoegemeana wasianguke, mpaka refa aje awatenganishe. Hapa refa hakuwepo.

"Niachie," alisema Wembe.

"Wewe... uniachie kwanza."

"Nikikuachia nitaanguka."

"Basi... tuketi."

Wakashuka chini taratibu, wote kwa pamoja, wakaketi kwenye ngazi ya mlango. Wembe alishika ubavu. Mkasi alikuwa amefungua mdomo kama samaki. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na chochote, ila kile kifungo kimoja.

Mtaa ulikuwa umesimama kutazama. Ukangoja kidogo, ukaona hakuna kinachokuja, ukaendelea na shughuli zake.

Dada yake Mzee Brashi aliwatazama wanawe kwa muda mrefu. Kisha akauvuta mguu mpaka pale benchini, akaketi kando ya kaka yake, sahani mapajani. Chakula kilikuwa kinapoa.

"Ni hiki?" alisema. "Hiki ndicho tulichokuwa tunakiogopa?"

"Zamani kilikuwa kikubwa," alisema Mzee Brashi.

"Kilipungua lini?"

Mzee Brashi alijaribu kukumbuka ni bango lipi alilochora kwa lazima na ni lipi angeweza kuliacha bila mtu kuumia. Hakuweza kuona mahali palipokatika. Pengine miaka kumi nyuma wangeweza kupigana na kuketi hivi hivi. Pengine mitano. Alikuwa amesimama lindoni na rungu, mwizi alishazeeka akaacha kazi, na hakuna aliyekuja kumwambia. Hasira hakuwa nayo. Hasira nayo inataka nguvu.

Dada yake akampa sahani moja, ya Wembe au ya Mkasi, haikujulikana. Yeye akala ya pili. Wakala polepole, huku wenye chakula wakiwatazama kwa mbali bila pumzi ya kudai.

"Kaka," alisema alipomaliza, "neno lako nimekurudishia. Nenda kalale."

"Na wao?"

"Wao ni wazee. Watajijua."

Mzee Brashi akainuka kwa msaada wa ukuta. Akapita mbele ya wapwa zake. Pumzi zilikuwa zimeanza kuwarudia, na kwa bahati mbaya sauti pia.

"Nimekupiga," alikuwa anasema Wembe.

"Umenipiga wapi? Nionyeshe. Nionyeshe palipoguswa."

"Upepo wake umekupata."

"Upepo! Shati ni langu, nimelishika kwa mikono miwili, mtaa mzima umeona."

"Shati ni langu mimi, wewe!"

"Mjomba!" aliita Mkasi. "Wewe ulikuwa umekaa pale. Sema. Nani ameshinda?"

Wakamtazama wote wawili, midomo wazi, kama walivyomtazama wakiwa wadogo wakimngoja agawe kitu.

"Sikuona," alisema Mzee Brashi. "Nilikuwa nimefumba macho."

Akaenda. Nyuma yake alisikia sauti ya Wembe: "Basi turudie."

"Sasa hivi?"

"Si sasa hivi, una wazimu? Kesho. Jua likishapungua."

"Kesho mgongo sijui kama utakubali."

"Basi keshokutwa."

Mzee Brashi alikunja kona. Alifika kwake, akavua kofia, akavua viatu, akajilaza mchana kweupe juu ya shuka yenye madoa ya rangi za kila aina. Wapwa wakamgongea mara mbili jioni ile, akawasikia. Hakuinuka.